Kwa Munir, Aliyeuliza Kama Tutamngoja

Munir mwanangu,

Begi lako nimelifungua tena. Najua ulinikataza nisiliguse. Nimelifungua, nimevitoa vile viatu, nimevitia vilevile vilivyokuwa, nimelifunga. Mikono yangu inatafuta kazi tu. Wewe umekwenda kumuaga mamkubwa Salma, na baba yako kalala, maana leo ilikuwa siku ya mashine ya figo, na unajua anavyorudi siku za mashine, mtu mrefu vile kajikunja kama kanzu isiyopigwa pasi. Basi nimekaa peke yangu jikoni, nasikiliza friji.

Sitakwambia uvae soksi mbili. Sitakwambia utafute nyama ya halali, wala usilale na nywele mbichi, wala usali kwa wakati. Hayo nimeyasema tangu hujaota meno, na kama hayakuingia mpaka leo hayaingii tena. Naandika kwa sababu ya swali lako la juzi.

Juzi tunakula, na kwa mara ya kwanza wiki ile baba yako kaomba aongezewe mchuzi, nami nimefurahi nafsi yangu. Ukaweka kijiko chini ukasema, "Baba akizidiwa na mimi niko huko, mtaningoja?" Baba yako hakuinua hata macho. "Hatungojani," akasema. "Mimi nikifa adhuhuri, laasiri niwe nishalala kwangu. Mkiniweka kwenye friji ntakutokeeni." Akacheka peke yake. Wewe hukucheka. Ukanigeukia ukasema, "Mama?" Na mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa safi.

Ukanifuata mpaka kwenye sinki. "Mama, nataka jibu lako wewe. Baba anafanya mzaha. Nikikosa jibu siondoki. Ntawapigia niwaambie watafute mtu mwengine." Na mimi nakujua. Wewe ni mtoto wa baba yako, ukisema huondoki, huondoki, hata tiketi ikioza.

Wallahi jibu la haraka lilikuwa mdomoni palepale. Tutakungoja, mwanangu, nenda kwa amani. Lingenigharimu nini? Ungecheka, ungenibusu utosini, ungekwenda kufunga begi lako, na kesho mchana ungepanda ndege ya Uingereza. Nimelimeza kwa sababu ni uongo, na mimi uongo wa namna ile nimeshausema mara nyingi, na usoni mwangu nimecheka.

Kazi hii si ya kukataa, ndio maana umenikaba. Watu hawaelewi. Mamkubwa Salma mpaka leo anaambia watu kwamba wewe ni mtu wa kompyuta. Lakini mimi najua maana yake kupewa kipindi cha watoto cha asubuhi kwenye televisheni yao, uso wako, jina lako, na juu ya hayo wakakuachia ucheze jukwaani msimu wa baridi. Nimekuona ulivyoanza. Mchezo wako wa kwanza kule, katika ule ukumbi wa mji mdogo, ulikuwa ng'ombe wa watu wawili, na wewe ulikuwa miguu ya nyuma. Toba! Tumekusomesha mpaka Uingereza uwe miguu ya nyuma ya ng'ombe! Baba yako aliitazama ile video kavaa miwani. Kisha akauliza, "Yupi yeye?" Nikamwambia, "Huyo wa nyuma." Akaitazama tena tangu mwanzo. "Anatembea vizuri," akasema. Siku ya pili akawaambia wenzake wa wizarani, hapa Muscat, kule Al Khuwair, kwamba mwanawe yumo kwenye sanaa za jukwaa Uingereza. Hakuwaambia upande gani wa ng'ombe.

Ukawa dubu, ukawa mfalme anayeogopa kuku, ukaanza kutajwa kwenye magazeti yao. Halafu figo za baba yako zikagoma, na wewe ukaacha yote ukarudi. Hatukukuita. Ulirudi mwenyewe, ukavaa kanzu yako ya dishdasha, ukawa unawatembeza watalii wa meli kule Bandari ya Sultan Qaboos, na kila uliyemkuta ukamwambia umechoka na baridi ya Ulaya. Siku moja nilikuletea chakula ulichokisahau, nikakuona kabla hujaniona. Wazee wa Kiingereza walikuwa wanatazama ngome, na wajukuu zao wote wamekuzunguka wewe, unawasimulia kwa nini paka wa Matrah wamenona kuliko paka wa mji wowote. Kuna kitoto kimoja kilikuwa kimeshika pindo la dishdasha yako na hakitaki kuachia. Nilirudi garini na chakula chako nikalia. Nilijua hukai hapa, na ukikaa, unakaa kwa ajili yetu.

Sasa unajua sisi watu tulivyo na habari za msiba. Aliye mbali hatumwambii kafiwa. Tunamwambia, "Mzee hajisikii vizuri, jitahidi uje." Kila mtu anajua maana yake na kila mtu anajifanya hajui, na maskini ya Mungu anapanda ndege na zawadi mkononi. Tunasema ni huruma, asije akashtuka. Mimi huruma hiyo nimeifanya, na niliyemfanyia ni baba yako.

Wewe ulikuwa tumboni. Tuko kulekule unakokwenda, baba yako anamalizia masomo, chumba kimoja, dirisha tumeliziba kwa magazeti. Simu ikaja na yeye yuko chuoni. Babu yako, babake, kafariki na keshazikwa. Ami yake akanambia, "Usimwambie mpaka amalize mitihani. Wewe ni mwanamke mwenye akili." Nikaiona sifa ile nzuri, Munir. Kwetu hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Basi nikawa mwanamke mwenye akili. Kila asubuhi nampikia chai ya maziwa, namchekea, naye anapuliza kikombe chake na kunambia, "Baba atafurahi nikipasi." Na mimi najibu, "Inshallah." Nasema inshallah, kwa mtu aliyekwisha kuwa udongoni!

Tulipotua Muscat, walikuja wanaume wengi mno kutupokea. Alipowaona wengi vile alifahamu kabla hajaambiwa. Hakuwageukia wao. Alinigeukia mimi, mkononi kashika mfuko wa koti alilomnunulia babake, akasema, "Ulikuwa unanipa chai." Basi. Hakuongeza, na hatujalizungumza tena neno hilo. Najua alinisamehe, maana angetaka angenirejesha kwetu siku ileile. Lakini ndio sababu anasema hatungojani. Yeye hakungojwa kumzika babake, na anaona hakuna mwenye haki ya kungojwa. Anafanya mzaha kwa kuwa akilisema kwa uzito litamuuma.

Ubaya ni kwamba pale mimi nilijifunza kuwa naweza. Naweza kuuvaa uso asubuhi na kuuvua jioni, na mtu akanywa chai yake asijue. Haukupita muda mrefu, televisheni wakatafuta mwanamke wa kipindi cha watoto cha laasiri. Nikaenda. Kiarabu changu kilikuwa bado kimejaa Unguja, nikadhani watanifukuza mlangoni, lakini walipowasha kamera nikacheka, na wakanichukua hapohapo.

Nikawa Khala Nunu, mama mdogo wa watoto wote, kilemba cha njano, kikaragosi cha bata mkononi. Unamkumbuka bata yule, ulimng'ata mdomo. Kila siku, moja kwa moja hewani, nilianza vilevile. Nasogea mpaka karibu na kamera, nauliza, "Umekula?" Nanyamaza kidogo. Watoto wanajibu majumbani mwao, na mimi nasema, "Bil-afya!" Kisha tunaanza. Sikwambii haya kwa kujisifu. Haya basi, kidogo kwa kujisifu. Sokoni watu walikuwa wananinyanyulia watoto wao niwaone. Muuza samaki hakutaka kunitoza. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimelewa sifa, na nikikukuta una homa nakasirika, kama kwamba homa yako imenikosea adabu.

Na mtu akipendwa na watu asiowajua, anaanza kuwaogopa. Hili hawatakufundisha huko. Utaanza kuhesabu nani kacheka na nani hakucheka. Mimi nilianza kukiogopea kiti changu. Kulikuwa na msichana msaidizi, mdogo kuliko mimi, ana vishimo mashavuni, anajua nyimbo zangu zote kwa moyo. Hakunifanyia ubaya hata siku moja. Alikuwa ananiletea maji. Na kila akiniletea maji, mimi naona anakipima kiti.

Bibi yako, mama yangu, alifariki mchana wa siku ya kazi. Salma akanipigia studio. Dada yangu hajui kuzunguka, alilisema kama lilivyo: "Mama katangulia. Wanamzika baada ya laasiri. Njoo tumwoshe." Muongozaji alikuwa karibu, akauona uso wangu, akafahamu. Mtu mwema sana yule. "Nenda," akanambia. "Ntaweka katuni." Katuni, Munir! Nusu saa ya katuni, na hakuna mtoto ambaye angelalamika. Pengine wangefurahi. Lakini yule msichana alikuwa amesimama mlangoni na gilasi ya maji. Nikamtazama, nikamwambia muongozaji, "Hapana. Watoto wananingoja. Nikimaliza ntawahi."

Nilisema watoto, na watu wakanisifu. Wakasema huyu mwanamke anajua amana ya kazi. Miaka yote hii nimewaachia waseme. Wewe nakwambia kweli kwa sababu unaingia katika kazi hiyohiyo. Watoto sikuwafikiria hata kidogo. Nilifikiria kiti.

Nikacheka. Nikauliza kama wamekula. Nikaimba wimbo wa bata na mabeti yake yote, mpaka na lile la mwisho tunaloliruka siku nyengine. Nilipomaliza nikatia gari moto sikusubiri hata kuvua kilemba. Nilipofika mtaani kwetu nikaona viatu vya wanaume havipo mlangoni. Vilivyobaki vya wanawake tu. Basi nikajua washatoka naye.

Salma alikuwa kakaa chini, kanga imemlowa mpaka magotini. "Tulikungoja," akasema. "Nikamwosha na majirani." Akanitazama usoni, mashavu yangu mekundu, macho yamepakwa yakang'ara kwa ajili ya kamera. Akanambia, "Nenda kanawe."

Nilipokuwa nakwenda kunawa ndipo nilipokiona chumba cha nyuma. Watoto wa msibani walikuwa wametiwa humo wasisumbue, na televisheni ilikuwa bado inawaka. Hapo ndipo nilipofahamu. Jeneza la mama yangu lilipokuwa linatolewa mlangoni, mimi nilikuwa naimba wimbo wa bata katika nyumba hiyohiyo. Wanawake wote walinisikia. Hakuna aliyeinuka kuzima. Labda hawakuamini.

Mwaka haukwisha, kiti akapewa yule msichana. Hapakuwa na ugomvi. Nilimtazama siku yake ya kwanza, nikatafuta kosa, sikuliona. Alikuwa hodari.

Sasa nakuja kwako. Ule mwezi ulipokuwa unajirekodi majlis, chumba cha wageni, kwa ajili ya kazi hii, nilipita na kikapu cha nguo. Sikupeleleza. Basi, nilisimama kidogo. Walitaka uwaambie kwa nini unataka kuzungumza na watoto, na nikakusikia, kwa Kiingereza chako kizuri, unasema kwamba ulipokuwa mdogo bibi yako alifariki. Watu wazima wote walikuwa wanalia na hakuna aliyekwambia kitu. Wakakutia chumbani na watoto wenzako. Halafu mama yako akatokea kwenye televisheni, akasogea karibu, akakuuliza kama umekula. "Nikajibu ndiyo," ukasema. "Nikaona, ikiwa mama anacheka, basi tutakuwa salama. Nataka kumfanyia hivyo mtoto mmoja kila siku."

Niliangusha kikapu. Ukauliza, "Nani?" nikasema paka. Hatufugi paka, Munir.

Nilikasirika, usinione hivi. Jambo ninalolionea aibu kuliko yote niliyoyafanya duniani, wewe umelifanya hadithi tamu ya kuombea kazi! Siku kadhaa sikukusemesha vizuri, ukadhani ni kwa sababu ya ile sufuria uliyoiunguza. Nilikuwa nalala nimegeukia ukutani, nabishana na wewe kimoyomoyo. Kisha nikaanza kufurahi, lakini kwa wiziwizi, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Kwamba katika nyumba ile iliyojaa kilio kuna mtoto mmoja alipoa, na mtoto mwenyewe ni wangu. Sijui nifanye nini na furaha hiyo. Haifuti kitu. Mama yangu aliondoka bila ya mikono yangu, na hilo litabaki. Lakini furaha ipo, na nimeona nikuambie usije ukadhani nimekukasirikia mpaka leo.

Ila hadithi hukuimaliza, kwa sababu mwisho wake huukumbuki. Mimi naukumbuka. Nilipokuwa napita kwenda kunawa, ulitoka mbio chumbani ukanishika abaya. Ukanambia, "Mama, nimekula." Ulikuwa umengoja nitoke kwenye televisheni ili unijibu. Na mimi nikakupita. Ukanifuata mpaka mlango wa bafu, ukasema tena, "Mama, nimekula," kwa sauti, ukidhani sikusikia. Nilisikia. Nikafunga mlango.

Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa mdogo mno kukosewa vile.

Na wewe uso huo wa kuvaa na kuvua umeshaupata, ndilo linaloniondolea usingizi, wala si baridi yao. Nimekuona hospitali, chumba cha mashine, unavyowachekesha manesi na wagonjwa, mpaka yule mzee wa Sur asiyezungumza na mtu anakungoja ufike. Baba yako anacheka mpaka mashine inalia. Siku moja ulitoka ukasema unakwenda kununua maji. Ukakawia. Nikakufuata mpaka maegeshoni, nikakukuta ndani ya gari, kichwa umekilaza juu ya usukani. Nikagonga kioo. Ukainua uso, na palepale, kufumba na kufumbua, ukanitolea uso wa dubu, na sauti ya dubu, ukaniuliza kama nna asali. Nikacheka. Ningefanya nini? Lakini nilirudi ndani bila ya kukungoja, maana nilimjua yule. Yule ni mimi na birika la chai.

Kwa watoto wa huko utoe huo uso, uutoe kwa moyo mmoja, ni kazi ya kheri na mimi nakuombea. Ukinipigia mimi, usiutoe. Nipigie ukiwa umenuna. Nipigie unalia, ukipenda usiseme kitu, mimi ntakaa kwenye simu nikate vitunguu. Na wakikupa kiti, kikalie vizuri, ila usikae ukimtazama anayekuletea maji.

Basi jibu lako ni hili. Hatutakungoja.

Baba yako akifariki, atazikwa siku hiyo au asubuhi ya pili yake, na wewe utakuwa hewani, au utakuwa umevaa masikio ya sungura mbele ya watoto wa watu. Hutamwosha. Hutashuka kaburini kumpokea. Watampokea watoto wa ami zako. Nimeyaandika haya kwa kuwa nimeona bora uyasome leo kwangu kuliko uje uyajue uwanja wa ndege.

Lakini nakuapia kwa Mungu aliyeniumba, hutasikia kwangu kwamba baba hajisikii vizuri. Ntakupigia mimi mwenyewe, wala si ami wala si mamkubwa, na ntalisema neno kwa jina lake. Ukiwa kazini ntawaambia wakuite. Ukitaka kumaliza kipindi, maliza. Ukitaka kuvua masikio ukatoka ukalie, toka. Sitakulaumu kwa hili wala kwa lile, na atakayekulaumu atanikuta mimi mlangoni. Ila ujiulize kwanza, ni watoto au ni kiti? Mimi sikujiuliza.

Na nenda. Tafadhali nenda. Ukibaki hapa utakuwa unamtazama baba yako kila asubuhi kama mtu anayesubiri basi, na yeye atakuona, si kipofu. Radhi zangu unazo zote, tangu siku ile uliyotoka mbio chumbani, na hukuhitaji kuziomba. Sema bismillahi uingie ndegeni.

Kuna jambo moja tu la kesho. Tangu Ramadhani, asubuhi inayofuata mashine, baba yako hawezi kuoga peke yake. Namwogesha mimi. Hakutaka ujue, ndio maana nikitoka bafuni mikono imelowa nakwambia nilikuwa nafua. Leo nilipokuwa namlaza nimemwambia, "Kesho atakuogesha Munir."

"Haiwi," akasema. "Mtoto hamwoni babake hivyo."

"Ndiye ambaye angekuosha ukifa," nikamwambia, "na hatakuwapo. Basi akuoshe kesho, ukiwa hai, unaweza kumgombeza."

Akageukia ukutani. Nikadhani nimemuudhi, au kalala. Nikaanza kuzima taa. Hapo akanambia, "Mwambie maji yasiwe baridi."

Basi uamke mapema, baba. Mkono wa kushoto ndio wa sindano za mashine, usiubane wala usiusugue. Anzia upande wa kulia. Atalalamikia sabuni, mwache alalamike, na usiharakishe kwa ajili ya ndege, ya ndege niachie mimi. Taulo lake ni lile la buluu, liko nyuma ya mlango.

Mama yako